Swali la chakula kilichoungua: wanawake wakiitikia kipigo, wanasema nini hasa?

Kwa zaidi ya miaka ishirini, katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wadadisi wa Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wamekuwa wakipita kaya kwa kaya na maswali matano yaleyale. Je, mume ana haki ya kumpiga mke wake akitoka bila kuaga? Akiwatelekeza watoto? Akibishana naye? Akimnyima unyumba? Akiunguza chakula? Mtu akijibu "ndiyo" hata kwa swali moja tu kati ya hayo, anahesabiwa miongoni mwa "wanaokubali kipigo", na hesabu hiyo ndiyo inayobebwa na vichwa vya habari.

Kinachowashangaza wasomaji si kwamba kuna wanaume wanaoitikia. Ni kwamba katika nchi nyingi wanawake huitikia kama wanaume, na katika nyingi za Afrika huitikia kuwazidi. Takwimu ikishatangazwa, haipiti siku bila mtu kuandika: "Kumbe wenyewe wanapenda." Watu wenye elimu zao huandika hivyo, na wengine huitumia kauli hiyo kufunga mjadala: kama anayepigwa haoni tatizo, wewe unahangaika nini?

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Ni ya uongo, na inaumiza, kwa sababu inamtwisha aliyepigwa mzigo wa aliyempiga. Lakini kuikana tu hakutoshi. Inabidi tujue tafiti hizi hupima nini, hupima kwa njia gani, na ni kipi hasa kinachoambatana na kipigo katika yale yote tunayoyaita kwa jina moja "mtazamo kuhusu wanawake".

"Ndiyo" moja, maana tatu

Tuanze na maneno ya swali. Kwa Kiswahili mtu anaweza kuuliza kama mume "ana haki" ya kupiga, kama "ni sawa" apige, kama "ni halali", au kama mke "anastahili" kupigwa. Kila mzungumzaji wa lugha hii anajua maneno hayo hayana uzito mmoja. "Ana haki" humpeleka mtu kwenye mila na sheria: nani kapewa nini. "Ni sawa" yaweza kugusa dhamiri, na yaweza pia kumaanisha tu kwamba jambo limezoeleka, hakuna atakayeshangaa likitokea. Mwanamke aliyesimamishwa na mgeni mwenye dodoso mkononi anaweza kabisa kujibu swali ambalo hakuulizwa: hapa mnapoishi, mambo huendaje?

Sidney Ruth Schuler na Farzana Islam waliliona hilo Bangladesh, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008. Walipokaa na wanawake wa vijijini na kuzungumza nao kwa kina, badala ya kuwauliza ndiyo au hapana, ilionekana kwamba wengi wa walioitikia walikuwa wakieleza kanuni inayotawala pale wanapoishi. Walichokiamini wao wenyewe kilikuwa na matabaka zaidi, na mara nyingi kilipingana na ile "ndiyo" iliyoandikwa kwenye fomu.

Huko Uganda vijijini, Alexander Tsai na wenzake walikwenda hatua moja mbele. Waliwagawa wahojiwa kwa nasibu. Wengine waliulizwa maswali matano kama yalivyo. Wengine walisimuliwa kisa ambamo mke amekosea makusudi, kwa kiburi. Wengine walisimuliwa kisa ambamo kosa ni lilelile lakini mke hakukusudia. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2017, yalionyesha kwamba walioambiwa mke alikusudia walihalalisha kipigo zaidi, na walioambiwa hakukusudia walihalalisha kidogo. Kwa hiyo mtu anapoulizwa juu ya chakula kilichoungua bila maelezo, yeye mwenyewe hulijaza pengo. Humwona kichwani mke wa aina fulani, aliyeunguza kwa sababu fulani, kisha humhukumu huyo aliyemwona.

Mwanafalsafa Cristina Bicchieri, ambaye ameandika sana kuhusu kanuni za jamii, ametusaidia kutenganisha mambo ambayo swali moja huyachanganya. Kuna ninachokiamini mimi. Kuna ninachoona wengine wakikitenda. Na kuna ninachojua kwamba wengine wanakitarajia kwangu, ambacho nikikiuka watanisema, watanitenga au wataniadhibu. Mtu anaweza kukichukia kitu moyoni na bado akakitenda, au akakivumilia, kwa sababu ya hayo mawili ya mwisho. "Ndiyo" ya kwenye dodoso inaweza kutoka popote katika hayo matatu, na fomu haina kisanduku cha kuonyesha ilikotoka.

Naongeza langu hapa. Kwa mwanamke anayeishi na mtu anayempiga, kuamini kwamba kipigo kina sababu ni namna ya kuipa siku mpangilio. Kama ninapigwa kwa kuwa nilichelewa, basi kesho nikiwahi nitakuwa salama. Kukubali kwamba anapiga kwa sababu tu anaweza kupiga ni kukubali kwamba hakuna utakachofanya kitakachokuokoa, na hilo ni zito kulibeba peke yako. Ni kweli kwamba tafiti nyingi huwakuta wanawake wanaohalalisha kipigo wakiwa pia ndio waliopigwa zaidi. Lakini utafiti unaomuuliza mtu mara moja tu hauwezi kukuambia kipi kilitangulia: imani iliyomfanya avumilie, au kipigo kilichomfundisha imani.

Kuhesabu makofi, na kisichohesabika

Kabla ya kuunganisha mitazamo na ukatili, lazima tujue ukatili wenyewe umehesabiwaje. Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa kuliko wote katika taaluma hii, na anayeuruka huishia kutupiana takwimu na wenzake bila kuelewana.

Mwaka 1975, Murray Straus na Richard Gelles waliendesha nchini Marekani utafiti wa kitaifa wa ukatili katika familia, wakizihoji familia 2,143. Kifaa chao kilikuwa orodha ya matendo, iliyokuja kujulikana kama Kipimo cha Mbinu za Ugomvi. Mhojiwa huulizwa: katika mwaka uliopita, mlipotofautiana na mwenzako, ni mara ngapi mmoja wenu alijadili kwa utulivu, alitukana, alitupa kitu, alisukuma, alipiga kofi, alipiga ngumi, alitishia kwa kisu au bunduki? Ubora wa njia hiyo ni kwamba haitumii neno "ukatili". Watu wengi waliopigwa hawajiiti wahanga wa ukatili, lakini ukiwauliza kama wamewahi kusukumwa au kukabwa, watakujibu.

Jibu lililotoka liliwashtua wengi: wake walionekana kuwapiga waume karibu sawa na waume walivyowapiga wake. Upande wa pili walikuwapo watafiti waliozoea kukaa na wanawake waliokimbia nyumba zao. Miongoni mwao ni Rebecca na Russell Dobash, ambao kazi yao ya Scotland ilitoka 1979. Wao walikuwa na kumbukumbu za polisi na mahojiano marefu, na humo mpigaji karibu kila mara alikuwa mume. Walisema orodha ya Straus inahesabu tendo na kuacha maana yake. Mwanamke anayemsukuma mtu aliyemkaba koo anapata alama moja. Mwanamume anayemsukuma mkewe kutoka juu ya ngazi naye anapata alama moja. Nani anamwogopa nani? Nani aliishia hospitalini? Kipimo hakikuuliza. Toleo la 1996 liliongeza majeraha na ukatili wa kingono, lakini mabishano hayakuisha.

Aliyeufungua mlango ni Michael Johnson, mwaka 1995. Alisema, kwa ufupi, kwamba pande zote mbili zina ukweli, ila zinatazama watu tofauti. Utafiti unaobisha hodi kwenye kaya yoyote hunasa zaidi ugomvi unaopanda: watu wawili wanabishana, hasira zinawaka, mkono unarushwa, na mara nyingi jambo linaishia hapo. Ugomvi huo ni mbaya, lakini lengo lake si kummiliki mtu. Kwenye nyumba za hifadhi, hospitali na mahakama ndiko anakopatikana mtu wa namna nyingine: aliyeishi chini ya mwenza anayedhibiti kila kitu, anayetumia kipigo pamoja na pesa, watoto, vitisho na kumtenga na ndugu zake. Johnson baadaye aliuita huo ugaidi ndani ya uhusiano, na alionyesha kwamba kwa sehemu kubwa watendaji wake ni wanaume. Baadaye akataja pia aina ya tatu: ukatili wa kujihami, wa yule anayerudisha mkono dhidi ya mdhibiti wake. Na ni wazi kwa nini wa kundi la pili hawaonekani kwenye tafiti za mlangoni. Mtu anayefuatiliwa kila dakika hawezi kukaa saa nzima akimsimulia mgeni mambo ya ndani.

Wanawake wa Duluth, mji wa jimbo la Minnesota huko Marekani, walikwishalisema hilo kwa lugha yao. Mwaka 1984, kutokana na mazungumzo na wanawake waliopigwa, mradi wa huko ulichora gurudumu la mamlaka na udhibiti: katikati yamo mamlaka na udhibiti, kwenye mikato yake zimo mbinu kama kubana pesa, kutisha, kutenga na kuwatumia watoto, na ukingoni ndiko kuliko kipigo, kikizifunga zote pamoja. Mwaka 2007 Evan Stark aliuendeleza mtazamo huo akisema kwamba kinachoharibu maisha ya wanawake hawa ni kunyang'anywa uhuru kuliko makofi yenyewe. Sheria ya England na Wales iliifuata hoja hiyo mwaka 2015, ikaufanya udhibiti wa kimabavu kuwa kosa la jinai hata pasipo jeraha.

Sasa rudi kwenye maswali matano ya mwanzo, uyatazame upya. Kutoka bila kuaga. Kubishana. Kunyima unyumba. Kutotunza watoto. Kuunguza chakula. Hakuna hata moja linalohusu kuumizwa kwa mume. Yote ni makosa dhidi ya mamlaka: ruhusa, utii, mwili, kazi. Waliotunga maswali hayo walikuwa wakitafuta visingizio vinavyosikika zaidi, na bila kukusudia wakachora ramani ya kitu kilekile ambacho Johnson na Stark walikipa majina. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoyadharau maswali haya. Hayapimi kama wanawake wanapenda kupigwa. Yanapima kiasi gani jamii imekubali kwamba mmoja ndani ya nyumba ni mtawala na mwingine ni mtawaliwa.

Kuuliza bila kuumiza

Shirika la Afya Duniani lilipoendesha utafiti wake wa nchi 10, uliotolewa 2005 baada ya kuwahoji wanawake zaidi ya 24,000, liliweka masharti ambayo kila anayesoma takwimu za ukatili inafaa ayafahamu, kwa sababu ndiyo yanayotofautisha namba ya kuaminika na namba tupu. Kila kaya anahojiwa mwanamke mmoja tu, ili asiwepo mwingine ndani atakayejua kilichoulizwa. Utafiti hauitwi wa ukatili mbele ya jamii; unaitwa wa afya ya wanawake na maisha yao. Mahojiano hufanywa faraghani, na mtu akiingia ghafla mdadisi hugeuza maswali papo hapo, akauliza habari nyingine za kawaida za afya. Wadadisi ni wanawake waliofundishwa kwa wiki kadhaa, si siku mbili.

Utafiti huo ulikuta kiwango cha wanawake waliowahi kufanyiwa ukatili wa mwili au wa kingono na mwenza kikianzia asilimia 15 katika mji wa Japani hadi asilimia 71 katika eneo la vijijini la Ethiopia. Wengi huishia kwenye namba hizo mbili. Mimi huona nyingine ina uzito zaidi: kati ya moja ya tano na theluthi mbili ya wanawake waliopigwa, kutegemea mahali, hawakuwahi kumwambia mtu yeyote kabla ya siku ile ya mahojiano. Si mama, si dada, si jirani. Makadirio ya shirika hilohilo yaliyotolewa 2021 yanasema kwamba takriban asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenza wamepitia ukatili huo angalau mara moja. Ukikumbuka wangapi hunyamaza, utaelewa kwa nini watafiti huziona namba hizi kuwa kiwango cha chini.

Zipo mbinu nyingine za kumpa mhojiwa kivuli cha kujifichia. Moja ni orodha: kundi moja la wahojiwa husomewa mambo manne yasiyo na aibu, kundi jingine husomewa manne hayohayo pamoja na la tano linalohusu kipigo, kisha kila mmoja hutaja tu idadi ya yanayomhusu, bila kusema ni yapi. Tofauti ya wastani wa makundi mawili ndiyo makadirio ya kipigo. Hakuna anayejua siri ya mtu mmoja, lakini ya wote inajulikana.

Mtazamo upi unaohusika?

Wanasaikolojia walianza kupima mitazamo kuhusu wanawake zamani. Mwaka 1972 Janet Spence na Robert Helmreich walitoa kipimo cha kauli 55 juu ya haki na nafasi ya wanawake kazini, nyumbani na hadharani. Kilitumika sana, halafu kikaanza kuchakaa: kadiri miaka ilivyokwenda, wanafunzi wa vyuo wa Marekani, ambao ndio waliohojiwa zaidi, walijifunza majibu yanayofaa, na alama zikapanda. Watu walikuwa wamebadilika kweli, lakini sehemu ya ubaguzi ilikuwa imebadili mavazi.

Peter Glick na Susan Fiske waliyafuata hayo mavazi mapya. Mwaka 1996 walionyesha kwamba ubaguzi dhidi ya wanawake una sura mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni ya chuki: wanawake wanataka kutawala wanaume, wanalalamika bila sababu. Ya pili ni ya upole: wanawake ni safi kuliko wanaume, ni wa kulindwa na kutunzwa. Sura ya pili hupendeza, na wengi hawaioni kuwa ubaguzi. Lakini walipoipima katika nchi 19, katika matokeo ya mwaka 2000, waliona kwamba nchi ambako wanaume walikuwa na chuki nyingi ndiko pia kulikokuwa na upole mwingi wa namna hiyo, na kwamba katika nchi hizo wanawake waliukumbatia upole huo, mara nyingine kuliko wanaume. Tafsiri yao inaniingia akilini: pale ambapo chuki ni kali, ulinzi una thamani, hata kama mlinzi na tishio ni watu wa kundi moja. Na ulinzi huo una sharti. Anayekaa mahali pake analindwa, anayetoka anakutana na sura ya kwanza. Isikilize tena "ndiyo" ya mwanamke kwenye swali la mke aliyetoka bila kuaga, utalisikia sharti hilo ndani yake.

Je, mitazamo hiyo humtofautisha mpigaji na asiyepiga? Hapa jibu linawavunja moyo wapenda majibu mepesi. David Sugarman na Susan Frankel walikusanya tafiti zilizokuwapo na kuchapisha uchambuzi wa pamoja mwaka 1996. Kilichowatenganisha waume wapigaji na wengine kwa uwazi ni kuona kwamba kutumia nguvu dhidi ya mke kunakubalika. Mawazo ya jumla kuhusu majukumu ya kike na ya kiume hayakuwatenganisha vivyo hivyo. Wapo wengi wanaoamini mwanamke akae nyumbani na hawajawahi kuinua mkono, na wapo wanaohutubia usawa mchana na kupiga usiku.

Wengine wakasema basi mfumo dume hauhusiki, ni tabia za watu binafsi tu. Hapo ndipo kosa la kimahesabu linapojificha. Katika jamii ambayo karibu wanaume wote wamelelewa kwenye kanuni moja, kanuni hiyo haiwezi kumtofautisha huyu na yule, kwa sababu wote wanayo. Ili uone kazi yake, lazima uilinganishe jamii na jamii.

Lori Heise na Andreas Kotsadam walifanya hivyo mwaka 2015, wakiunganisha tafiti 66 kutoka nchi 44. Kwa macho ya haraka, nchi maskini zina ukatili mwingi zaidi wa wenza. Walipoingiza kwenye hesabu kanuni zinazohalalisha kumpiga mke, kanuni zinazompa mwanamume mamlaka juu ya mienendo ya mwanamke, na sheria na desturi zinazowanyima wanawake ardhi na mali, nguvu ya kipato cha taifa ilipotea. Waliona pia kwamba elimu ya msichana ilimkinga zaidi pale hasa kipigo kilipozoeleka. Kwangu huu ndio uzi muhimu kuliko yote: "ndiyo" ya mtu mmoja inakuambia kidogo sana kuhusu nyumba yake, lakini "ndiyo" nyingi za mahali pamoja zinakuambia mengi kuhusu mahali hapo, kuanzia nani atapiga akijua hakuna wa kumkemea, nani atafunga mlango na nani ataambiwa arudi kwa mumewe.

Kanuni haimalizi maelezo yote. David Card na Gordon Dahl waliangalia taarifa za polisi za Marekani pamoja na matokeo ya mechi za kandanda ya Kimarekani, ambayo si soka tunayoijua sisi, na wakachapisha 2011 kwamba timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda ikipoteza, ukatili wa wanaume dhidi ya wenza wao majumbani ulipanda kwa asilimia 10. Kushindwa kulikotarajiwa hakukuwa na athari hiyo. Mtazamo wa mwanamume kuhusu wanawake haubadiliki kati ya saa saba na saa kumi. Kinachobadilika ni hasira. Lakini hasira ileile haikumpiga mwamuzi wala rafiki aliyekaa naye. Ilimpata wa ndani, na kuchagua huko wa kumpiga ni jambo ambalo hasira peke yake hailielezi.

Kitendawili cha kaskazini

Mwenye kupinga hoja yangu atanikumbusha nchi za kaskazini mwa Ulaya, na ana haki. Mwaka 2014 Wakala wa Haki za Msingi wa Umoja wa Ulaya ulitoa utafiti wa wanawake 42,000 katika nchi 28. Wastani wa waliowahi kufanyiwa ukatili wa mwili au wa kingono na mwenza ulikuwa asilimia 22. Denmark ilikuwa na 32, Finland 30, Sweden 28. Poland ilikuwa na 13. Nchi zinazosifika kwa usawa ndizo zilizokuwa juu, na mwaka 2016 Enrique Gracia na Juan Merlo waliliandikia jambo hilo wakaliita kitendawili cha kinodiki, yaani cha nchi hizo za kaskazini.

Maelezo yaliyotolewa ni mengi. Pale ambapo aibu imepungua, wanawake husema zaidi, na tendo ambalo kwingine ni "ugomvi wa kawaida" huhesabiwa ukatili. Wengine wanaona kwamba wanaume wanaopoteza mamlaka waliyoyazoea hujaribu kuyarudisha kwa nguvu. Tofauti za unywaji wa pombe nazo zimetajwa. Mimi naegemea zaidi kwenye kusema na kunyamaza, kwa sababu tumeona ni wanawake wangapi hukaa kimya pale aibu ilipo kubwa. Lakini sidhani inatosha. Usawa bungeni na kazini haupimi nani mwenye amri nyuma ya mlango uliofungwa, na viashiria vyetu vya usawa vinapima zaidi vilivyo nje.

Kanuni ikitikiswa

Kama tatizo liko kwenye kanuni ya wengi kuliko kwenye moyo wa mmoja, basi kumhubiria mtu mmoja mmoja hakutafika mbali. Leonardo Bursztyn na wenzake walionyesha jambo linalofanana nchini Saudi Arabia, katika utafiti uliochapishwa 2020. Wanaume wengi vijana wenye ndoa, mmoja mmoja na kwa siri, waliunga mkono wanawake kufanya kazi nje ya nyumba. Lakini wengi wao waliamini kwamba wenzao hawaungi mkono. Walipoonyeshwa tu maoni halisi ya wenzao, wengi zaidi walikubali kuwaandikisha wake zao kwenye huduma ya kutafuta kazi. Hakuna aliyebadilishwa imani. Walijua tu kwamba hawako peke yao.

Tahadhari moja ni lazima. Robert Jensen na Emily Oster walionyesha mwaka 2009 kwamba televisheni ya kebo ilipofika kwenye vijiji vya India, idadi ya wanawake waliohalalisha kipigo ilishuka ndani ya muda mfupi. Ni habari njema, ila ukisoma kwa makini unajiuliza kilichobadilika ni mtazamo, au ni kujua jibu ambalo mtu wa kisasa anatarajiwa kulitoa. Ndiyo sababu tafiti bora hupima mambo mawili kwa pamoja: watu wanasema nini, na nini kinatokea.

Afrika Kusini, vijijini Limpopo, utafiti uliochapishwa 2006 uliwapa wanawake mikopo midogo pamoja na mafunzo kuhusu jinsia na virusi vya ukimwi. Baada ya miaka miwili, hatari ya ukatili wa mwenza katika mwaka uliopita ilikuwa imeshuka kwa asilimia 55. Ulinganisho uliofuata ulionyesha kwamba mikopo bila mafunzo iliboresha hali ya uchumi lakini haikuleta matokeo hayo kwa ukatili. Pesa peke yake haikuigusa kanuni.

Na Kampala, shirika la Raising Voices lilianzisha mpango uliochukua jina lake kutoka lugha yetu: SASA! Jamii nane ziligawanywa kwa nasibu, nne zikaanza mpango na nne zikasubiri. Waliozungumza na watu hawakuwa wataalamu wa kutoka nje. Walikuwa wakazi wa kawaida, waliozungumza na majirani, na hawakuanza na neno "jinsia" wala "haki". Walianza na nguvu: nani anayo, umewahi kuitumiaje, umewahi kutumiwa nayo vipi. Matokeo yalitoka 2014. Wanawake waliohalalisha kipigo walipungua karibu nusu ukilinganisha na jamii zilizosubiri. Ukatili wa mwili katika mwaka uliopita ulikuwa chini kwa asilimia 52, ingawa kwa jamii nane tu makadirio hayo yana upana mkubwa wa makosa, na watafiti wenyewe walilieleza hilo.

Kati ya matokeo yote ya SASA!, moja hunirudia kila ninaposoma mtu akiandika "wenyewe wanapenda". Watafiti hawakuishia kuwauliza wanawake wanaamini nini. Waliwauliza waliopigwa: waliojua habari yako walifanya nini? Katika jamii zilizopitia mpango, wanawake hao walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kusema kwamba walisaidiwa: kwamba mtu alikuja, aliuliza, alisimama upande wao, hakuwaambia wavumilie.